Safu ya Ushauri: Matatizo ya Wasiofanya Kazi na Tiba Zake

Swali: Kijana wa Ilala anayeshinda kijiweni analalamika kwamba majirani humwita mzururaji, naye anauliza afanyeje ili aheshimiwe.

Jibu: Mzururaji, yaani mtu asiye na shughuli inayojulikana, amekuwa akisumbuliwa tangu zamani, kwani baada ya Tanzania kutunga Sheria ya Nguvukazi mwaka 1983, walionaswa Dar es Salaam bila uthibitisho wa ajira walisafirishwa vijijini wakalime, na wengi wao wakarejea mjini. Kwa kuwa kosa lake si kukaa bure bali ni kukaa mikono mitupu, kijana huyo anashauriwa atafute faili, alikwapie, kisha aseme kwamba “anafuatilia”, neno linalomaanisha kwenda ofisini leo kuulizia jambo ambalo jana aliambiwa alifuate kesho.

Swali: Mama mmoja anaeleza kuwa mumewe hucheza bao tangu alasiri hadi giza liingie.

Jibu: Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji hodari huhesabu kwa macho mahali kete ya mwisho itakapoangukia kabla hajaishika ya kwanza. Mama anashauriwa asiuvunje ubao, bali amkabidhi mumewe hesabu zote za nyumba, kwa sababu mwenye uwezo huo hawezi kudai kwamba ada ya mtoto ilimpitia.

Swali: Mtumishi wa ofisi moja amechoka kuwaambia wageni kwamba mwenzake “yupo, katoka kidogo”.

Jibu: Hali hiyo huitwa koti kitini, nayo ni desturi ya mwajiriwa kutundika koti kwenye kiti asubuhi, akaenda kwenye shughuli zake, huku koti likiendelea kuhudumia wananchi. Ibara ya 25 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka kila mtu kutimiza nidhamu ya kazi, lakini koti si mtu, na kwa haki lisilaumiwe, hasa kwa kuwa huwahi kazini, haliombi ruhusa wala halidai chai ili lisukume faili. Mtumishi anashauriwa aseme wazi kwamba mhusika hayupo, ingawa ukweli huo ukizoeleka, mkuu wa ofisi atalazimika kueleza mshahara hupokewa na nani.