Mhadhara wa Umma: Namna ya Kubishana Bila Kusoma

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiwe, wazee wa kahawa, ndugu zangu mliotoka Kisarawe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa wale wachache wasionijua, nao nawahurumia, mimi ni mwandishi wa habari mkongwe, mchambuzi, mtafiti na mshauri wa masuala yote. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikaongeza stashahada. Mimi nina kizibao chenye mifuko mingi, na hakuna mlinzi wa ukumbi aliyewahi kukirudisha mlangoni. Wenye wivu huniita kanjanja. Kanjanja ni yule anayekwenda kwenye semina akarudi bila bahasha. Mimi hayo hayajanikuta.

Nianze na habari, maana ndiyo nyepesi.

Nendeni pale Maili Moja, hapa Kibaha, asubuhi mkakione chuo kikuu cha kweli. Magazeti yamepangwa mezani, kila moja limekandamizwa kwa jiwe lisipeperushwe na upepo wa mabasi ya Morogoro. Mengine yananing'inia kwa vibanio vya nguo. Wasomi wamesimama, mikono nyuma, shingo mbele. Anayethubutu kufunua ukurasa wa pili anakaripiwa na mwenye meza: "Braza, hapa si maktaba!" Kauli hiyo ina uzito wa kitaaluma. Inathibitisha nadharia yangu kwamba ukurasa wa kwanza unatosha. Waziri awaka, mbunge alipuka, Simba na Yanga hapatoshi. Unataka nini tena? Habari yenyewe huko ndani mara nyingi inakikana kichwa chake, kwa hiyo kuisoma ni kujitafutia mkanganyiko bure. Na kama shingo imechoka, redio itakusomea vichwa hivyo ukiwa unapiga mswaki, na chai haijapoa tayari una msimamo usioyumba.

Sasa tuingie kwenye mjadala, ambao ndio fani yangu hasa.

Mnakumbuka mwaka 2023, Bunge liliporidhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, tarehe 10 Juni. Hicho ndicho kilichokuwa kipindi changu cha dhahabu. Hati ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, yenye ibara nyingi, na hilo lilitusaidia sana, kwa sababu kila mtu aliweza kuitaja ibara aliyoipenda. Asubuhi niliyatetea makubaliano hapa Kibaha. Jioni niliyapinga Kisarawe. Kote nilipigiwa makofi na kununuliwa kahawa na kashata.

Akatokea kijana mmoja na nakala aliyoichapisha kwa pesa yake mwenyewe, ameipigia mistari kwa kalamu ya bluu. Akasema, "Shikamooni wazee. Naomba tuisome ibara moja moja, halafu tubishane." Kijiwe kizima kilinyamaza. Kahawa ikapoa. Nikajua wajibu wangu. Nikamwuliza swali ambalo mwanataaluma yeyote angeuliza: "Mwanangu, wewe umetumwa na nani?" Hakuwa na jibu. Aliikunja nakala yake akaenda zake, na mjadala ukarudi kwenye kiwango chake.

Nifafanue kidogo kwa wageni. Kisarawe na Kibaha ni mkoa mmoja, Pwani, lakini wengi wenu mliotoka Kisarawe mmefika hapa makao makuu ya mkoa wenu kwa kupitia Dar es Salaam: Gongo la Mboto kwanza, kisha mkazunguka hadi Barabara ya Morogoro. Habari nazo zinasafiri hivyohivyo. Zahanati huko Maneromango, Kisarawe, ikikosa dawa, mimi niliye hapa siwezi kuiandika mpaka kwanza mhariri wa Dar aisikie, aipe umuhimu, anirudishie. Kwenda kuangalia mwenyewe? Nauli nani atatoa? Ndiyo maana naandika zaidi uzinduzi. Uzinduzi una gari, maji ya chupa na taarifa iliyokwisha chapwa. Kazi yangu ni kuongeza jina langu.

Kuhusu vitabu nitasema machache. Kibaha hii ilijengewa elimu. Nchi za Nordiki zilianzisha mradi hapa miaka ya 1960, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha mnalolijua, lenye shule, vyuo na maktaba. Maktaba hiyo naifahamu vizuri sana. Ni alama nzuri ya kumwelekeza bodaboda.

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Pugu, jirani kabisa na Kisarawe, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, alikuja kumfasiri Shakespeare akiwa Rais. Julius Caesar ilitoka 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Namheshimu Mwalimu. Ila kitaalamu huo ni ushahidi kwamba Ikulu ya siku zile haikuwa na shughuli nyingi. Mimi nina magrupu ya WhatsApp yanayonisubiri. Shakespeare nimpangie saa ngapi?

Mzee mmoja wa Kisarawe, yule pale mwenye baraghashia, alininong'oneza kabla sijapanda jukwaani. Akanitajia riwaya ya Chachage, Makuadi wa Soko Huria, ya mwaka 2002, inayogusa mambo ya mradi wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, mkoa wetu huuhuu. Akasema magazeti yaliyoandika sakata lile yalikwisha fungiwa maandazi zamani, lakini ukitaka kujua nani alikula nini, kitabu bado unakiuliza na kinajibu. Akaniuliza kama nimekisoma. Nimemjibu kwa staha: mzee wangu, kitabu ambacho hakijawahi kunialika kwenye uzinduzi wake nitakijuaje?

Nakaribisha maswali. Yasiwe na tarehe, yasiwe na takwimu, na atakayeanza na maneno "nimesoma mahali" nitamwomba akae chini. Lakini kabla hatujaanza, ndugu mratibu, bahasha yangu tafadhali, na jina liandikwe kwa kirefu pamoja na cheo.