Nani Aliamua Keki Iwe Mpira?

Keki ya mraba haina neno. Unaoka, unapaka aisingi, unaandika jina, watu wanaimba, wanalishana, wanaenda zao. Ya duara nayo haina neno. Lakini siku hizi mtoto akiwa na basdei hakuna anayetaka keki yenye umbo la keki. Wanataka kiatu, pochi, gari la zimamoto. Mimi wifi yangu alinitumia picha ya mpira wa miguu, tena usiku, chini yake kaandika: "Wifi, kama hii tu, wala usijisumbue."

Usijisumbue! Kwanza chombo cha kuokea mpira mtaani kwetu hakiuzwi. Unaoka nusu mbili kwenye mabakuli ya chuma, na bakuli lina roho mbaya: pembeni keki imeshaiva, katikati bado uji. Ukipandisha moto inaungua juu huku ndani inachezacheza. Basi unashusha hadi nyuzi 160, unakaa jikoni zaidi ya saa nzima ukichomeka njiti na kumwomba Mungu umeme usikatike. Halafu inaumukia wapi? Inatoa nundu upande uleule unaotakiwa uwe bapa. Unakata nundu, unageuka kuchukua sahani, nundu haipo. Watoto wa nyumba hii wana pua.

Na wale wanaonishauri nitumie keki laini hawajawahi kupandisha nusu moja juu ya nyingine. Laini inalala, ya chini inatanuka, mpira unakuwa boga. Inatakiwa keki nzito, ya siagi ya kutosha, ipoe usiku kucha, ichomekwe vijiti vya mishikaki katikati, na chini ikatwe kidogo isije ikabiringika mezani. Yote hayo Dar es Salaam, mwezi wa Februari, aisingi inayeyuka hata hujaipaka. Ukikimbilia friji, keki ikitoka humo fondanti inatoa jasho na kunata vidoleni.

Sasa vipande. Mpira ule wa weusi na weupe ulitamba kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, ukiitwa Telstar, na rangi zile ziliwekwa ili uonekane vizuri kwenye televisheni zisizo na rangi. Una vipande 32: pembesita nyeupe 20 na pembetano nyeusi 12. Pembesita zikiachwa peke yake zinalala bapa. Pembetano ndizo zinazoukunja mpira uwe mpira. Maana yake kimoja kikizidi hata kidogo, cha mwisho hakiingii, unaanza kubandua. Mwaka 2014 kule Brazil walichezea Brazuca, vipande sita tu. Sita! Mtoto mwenyewe kazaliwa baada ya Brazuca, televisheni ya kwao ni kubwa kuliko kabati langu, lakini mwambie achore mpira uone: anachora wa 1970.

Rangi hizo angalau nilizipenda kwa sababu moja. Kaka yangu ni Yanga, mkewe ni Simba, na ndoa yao inajulikana mtaani kila siku ya dabi. Nyeusi na nyeupe, nikasema, hapo hakuna wa kununa.

Siku ya siku kaka akauzunguka mpira akihesabu kwa kidole.

"Dada, nyeupe si ya Simba hii? Nyeusi ndiyo yetu. Mbona 20 kwa 11?"

Nikamweleza kwamba hesabu ya mpira ndivyo ilivyo, na cheusi cha 12 kiko chini, kimekaliwa.

"Kimekaliwa!"

Wifi akacheka hadi akashika ukuta. Mishumaa haijawashwa, watoto hawajaimba, mwenye basdei kasimama na kisu mkononi, baba yake keshabandua vipande tisa vyeupe na anatafuna. Anasema sasa ni sare.