Namna ya Kusherehekea Agosti Mosi Bila Kumfilisi Mtu

Tarehe 1 Agosti Kongo nzima hupumzika kwa ajili ya wazazi: asubuhi ni ya waliokufa, mchana ni wa walio hai. Siku hii ilikuwa imekamilika hivyo hivyo. Sisi tumeibebesha kikwembe kipya cha mama, shati la tata, sahani za glasi, mchango wa ukoo na picha za vyote hivyo kwenye simu. Mwongozo huu ni wa familia za Buluo na Likasi zinazotaka kuitua mizigo. Ufuateni wote. Mbishi apewe jembe zito zaidi.

Anzeni wiki ya mwisho ya Julai. Mkamateni yule yaya anayepita nyumba kwa nyumba na daftari la michango. Kila ukoo unaye wake. Msimnyang'anye daftari, mpeni kazi kubwa zaidi: aandike nani amezikwa wapi, mtoto wa nani, alikufa mwaka gani, kabla nkambo anayeyajua hayo hajatutoka. Mwaka huu watu watamfungulia mlango.

Kisha pigeni hesabu. Baada ya Agosti inakuja Septemba na shule zake. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado kuna minerval, yaani ada ya shule, na madaftari na sare havigawiwi na mtu. Likasi inajua maana ya fedha kukatika. Mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari ulianza kuwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines, na nyumba nyingi zilizozoea mshahara zikabaki na bustani, biashara ndogo na kuchimba. Katika nyumba ya namna hiyo zawadi mara nyingi ni deni lililofungwa vizuri. Mama anapokea kikwembe cha yadi sita, mwezi unaofuata mjukuu anarudishwa kutoka darasani, na mama huyo huyo anatoka na kikwembe kutafuta mnunuzi. Kwa hiyo anayetaka kununua zawadi aulizwe mbele ya wote: watoto wako umeshawalipia shule? Akinyamaza, mpeni ufagio.

Makaburini nendeni mapema na nguo za shamba. Anayekuja na viatu vyeupe msimkemee, vumbi jekundu litashughulika naye. Mvua iliondoka tangu Aprili, nyasi zimekauka na zimefika kiunoni, na lazima atatokea shemeki mmoja na kiberiti akisema moto utamaliza kazi kwa dakika tano. Mnyang'anyeni hicho kiberiti! Msalaba wa mbao huungua pamoja na nyasi, na jina lililoandikwa juu yake linakwenda. Fyekeni kwa panga, ng'oeni mashina kwa mkono, fagieni. Mtoto anayejua kusoma asome jina kwa sauti, halafu mkubwa aliyemjua marehemu aseme alikuwa mtu wa namna gani: kama alifanya kazi kiwandani Shituru zamu ya usiku, aliimba kwaya gani, alimkasirikia nani na walipatana vipi. Waacheni watoto waulize maswali yote, hata yanayowaaibisha wajomba. Hapa msiharakishe.

Mchana wazazi wasipike. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu mama atakaa kwenye kiti dakika chache tu kisha atanyanyuka kwenda kuonja chumvi. Mjukuu mmoja awekwe mlinzi wa mlango wa jikoni. Watoto wa kiume watwange sombe, na majirani wakija kushangaa wapeni mchi nao watwange. Bukari, sombe, samaki wa ziwa la Tshangalele na munkoyo vinatosha kabisa kwa karamu.

Kisha kila mtoto asimame mbele ya wazazi ataje kazi moja atakayoifanya kwa mikono yake: kuziba bati linalovuja kabla mvua hazijarudi, kumsindikiza tata hospitali, kupanda mboga za mama. Kazi itajwe na siku yake. Yaya wa daftari aandike.

Noeli na Bonané zifuate njia hiyo hiyo. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli katika sikukuu za taifa, 25 Desemba ikawa siku ya kazi, na bado waumini waliendelea kuiadhimisha. Sikukuu iliyovumilia hilo inaweza kuvumilia mwaka mmoja bila nguo mpya. Watoto watanung'unika, ni kweli. Wapeni maembe, msimu wake ni huo.

Na kama mfukoni kuna fedha ya kitu kimoja tu, ndugu zangu, nunueni nauli ya yule mtoto aliyeko Kolwezi au Lubumbashi ambaye kila mwaka anasema hataweza kuja.