Wiki Moja na Mla Nzi

Jumatatu. Maji ya kisima chetu yana chumvi na mvua imegoma. Mmea wangu wa Drosera hautaki madini. Asili yake ni tope la majimaji lisilo na rutuba, ndiyo maana riziki yake huitafuta kwa wadudu. Nikapanga foleni duka la vipuri kununua maji ya betri, yale yasiyo na madini. Muuzaji akauliza ni ya gari gani. Nikasema ni ya mmea. Akanipa tindikali. Nikaomba anibadilishie, akanionyesha mwisho wa foleni.

Jumanne. Siku ya mavuno. Vikonyo vya maua vimekauka, na mbegu ni kama vumbi la ugoro. Nikatandika karatasi nyeupe mezani, nikavikung'uta taratibu. Umeme uliokatika tangu alfajiri ukachagua saa hiyo kurudi, na pangaboi likarudi nao. Sehemu kubwa ya mavuno sasa ni mali ya zulia.

Jumatano. Mama Zawadi wa nyumba ya pili alikuja kuuliza kama mmea wangu unaweza kumaliza mbu wa uani. Wakati namweleza kwamba jani moja lenye gundi humeng'enya mdudu kwa siku kadhaa, mwanawe alikuwa analilisha nyama ya pilau. Jani limeoza. Nimejifariji kwamba hata Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1875, anasimulia alivyoipa mimea hii vipande vya nyama. Ila yake haikuwa na binzari.

Alhamisi. Mbegu zilizonusurika nimezitia kwenye bahasha ya karatasi, kwa kuwa nailoni huleta ukungu. Ni za mwalimu mmoja wa Njombe. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: ZITAWANYWE JUU YA UDONGO, ZISIFUKIWE, ZINAHITAJI MWANGA. MBOLEA NI MARUFUKU.

Foleni ya vifurushi kwenye ofisi ya basi ilifika barabarani. Karani akaweka bahasha kwenye mizani. Mizani ikasoma sifuri.

"Mzee, hapa hamna mzigo."

"Umo."

"Ni nini?"

"Mbegu za mmea unaokula nzi."

Akanitazama, akamtazama mwenzake, akanitoza bei ya kilo moja. Kisha akabandika stika kubwa ya ofisi, ikatanda bahasha nzima.

Ijumaa. Nzi walikuja wengi. Walitua kwenye wali wangu.

Jumamosi. Mwalimu amepiga simu kwa bashasha. Mzigo umefika salama. Amekwishazipanda, kina cha vidole viwili, na juu yake ameweka samadi ya kuku ya kutosha. Anauliza zitaota lini. Nimemwambia asubiri.