Waheshimiwa wa Tuzo za Tony, ifanyeni Wamaza nayo kuwa Broadway

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Tuzo za Tony, New York.

Waheshimiwa,

Sisi huku Wamaza, teritware ya Kabambare, kusini mwa Maniema, nchini Kongo, hatujambo. Muhogo umeanikwa, watoto wako shule, na mtandao unapatikana ukipanda kichuguu na kunyoosha mkono. Ni juu ya kichuguu hicho tulikopata habari za mwaka 2025, watu walivyogombana kuhusu nani apewe tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia ya muziki: Nicole Scherzinger wa Sunset Blvd. au Audra McDonald wa Gypsy. Mkampa Scherzinger. Huku nasi tuligawanyika pande mbili papo hapo, ingawa hakuna aliyeona hata onyesho moja kati ya hayo. Kuona ni anasa. Kubishana ni haki ya kila raia.

Hapo hatuna malalamiko. Wakubwa wamegombania kiti cha wakubwa. Tunawaandikia kuhusu kile kiti kingine, cha pembeni, ambacho huwa mnatufutia vumbi kwa adabu kubwa kila tunapobisha hodi.

Mwaka 1988 Sarafina! iliingia Broadway kutoka Afrika Kusini, katika ukumbi wa Cort. Aliyeigiza Sarafina ni Leleti Khumalo, binti wa KwaMashu, hata miaka 20 hajatimiza. Onyesho linaitwa Sarafina. Mtu aliyechelewa, akaingia katikati na kumwuliza jirani yake yule pale mbele ni nani, angejibiwa Sarafina. Nyinyi mkaketi, mkatafakari, mkamtaja kuwania tuzo ya mwigizaji msaidizi. Tunauliza kwa unyenyekevu: alikuwa anamsaidia nani?

Tunajua mtatujibu kwa kanuni. Mwigizaji ambaye jina lake limechapwa juu ya jina la onyesho ni mkuu. Aliyechapwa chini yake ni msaidizi, mpaka kamati yenu iamue vingine. Kumbe kuimba hakupimwi kwa koo, kunapimwa kwa rula ya mchapaji wa mabango! Laiti tungejua mapema, tungewafundisha mabinti zetu kazi ya uchapaji.

Miaka 10 baadaye mkaletewa The Lion King, onyesho ambalo wahusika wake wamebatizwa majina yetu bila sisi kualikwa kwenye ubatizo. Mkalipa tuzo 6. Onyesho bora, sawa. Uongozaji, sawa, Julie Taymor alistahili. Halafu dansi, mapambo ya jukwaa, mavazi na taa. Tsidii Le Loka, aliyekuwa Rafiki, yule ambaye sauti yake ndiyo inayofungua pazia, alitajwa kama msaidizi, akatoka mikono mitupu. Mufasa, Samuel E. Wright, alitajwa kama msaidizi. Mfalme, waheshimiwa! Simba mwenyewe hakutajwa kabisa. Mavazi yalipata tuzo, taa zilipata tuzo, na waliovaa mavazi hayo wakamulikwa na taa hizo walipigiwa makofi wakaenda kulala.

Mwaka 2010 ikawa zamu ya Fela!, kisa cha mwanamuziki wa Nigeria. Safari hii Sahr Ngaujah aliingia mlango wa mbele, akatajwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu. Tukajua mambo yamebadilika. Tuzo ikaenda kwa Douglas Hodge wa La Cage aux Folles, na Fela! ikaondoka na 3: dansi, sauti za mitambo na, tafadhali tusikilizeni vizuri, mavazi. Mavazi tena. Kama ni hivyo, msitusumbue kuleta watu. Tutawatumia vitenge kwa posta.

Mwaka uliofuata ilikuwa The Book of Mormon, kisa kinachotokea Uganda, nchi inayopakana na Kongo yetu. Tuzo 9. Waliotajwa kuwania uigizaji mkuu ni wawili, Josh Gad na Andrew Rannells, wote wakiwa wamisionari kutoka Marekani. Nikki M. James, aliyeigiza msichana wa kijiji, alishinda, na tulishangilia, mpaka tuliposoma ni tuzo ipi. Yaani mtu anaweza kuwa msaidizi hata ndani ya kijiji chake mwenyewe, mbele ya wageni walioshuka juzi na masanduku.

Msidhani tunawaonea nyinyi peke yenu. Jambo hili tumelizoea, limetukaa mpaka kwenye mifupa. Hapa kwetu kuna mama mmoja, jina lake hatulitaji. Shirika fulani likija kuhamasisha watu kuhusu kipindupindu, yeye ndiye anayeitwa. Anajifunga kitenge kiunoni, anageuza bidoni la njano la lita 20 juu chini, analipiga kwa viganja, na soko zima linanyamaza. Anaimba mama anayefiwa. Anaimba daktari. Anaimba hata yule mume mbishi anayekataa kuchemsha maji, kwa sauti nzito inayofanya wanaume wenye tabia hiyo watazame miguu yao. Watu wanacheka, wanalia, halafu kweli wanakwenda kuchemsha maji. Kazi ikiisha anapewa fulana moja, kipande cha sabuni na franga za kurudia nyumbani, kwa mguu. Nyuma yake kuna bango. Juu ya bango zimepangwa nembo za wafadhili, chini yake jina la mradi, na chini kabisa hakuna kitu. Katika ripoti yeye anaitwa wanajamii. Mtu mmoja, wanajamii! Kuimba aimbe yeye, kulia alie yeye, picha yake ipande ndege iende Ulaya ikaombee fedha, na jina lake libaki hapa likipepeta mchele. Mmetukinaisha nyote, wa huku na wa huko, na hatuna haja ya kusema uongo kwamba hatuna kinyongo.

Tusameheane, waheshimiwa. Turudi kwenye heshima.

Tunalo ombi, nalo ni dogo. Tumesoma kwamba Broadway ni kumbi 41, na kwamba ukumbi ukiwa na viti 500 au zaidi unaweza kuhesabiwa. Tumesoma pia kwamba kumbi zenu nyingi haziko kwenye barabara ya Broadway yenyewe, na kwamba Vivian Beaumont uko kule Lincoln Center, mbali na wenzake, lakini mmeukumbatia. Maana yake mpaka wenu unavutika. Tunaomba muuvute kidogo tu, uvuke Atlantiki, uingie msituni, ufike Wamaza. Tuwe ukumbi wa 42.

Viti tumeshahesabu. Madawati ya shule ya msingi, ambayo mwalimu mkuu atatuazima tukimwahidi kwamba hakuna mzee atakayeyalalia. Viti vya plastiki vya kanisani. Mikeka ya msikitini, kila mkeka watu 6, au 8 wakiwa wa ukoo mmoja. Matofali mabichi ya mtu anayejenga. Kiti cha uvivu cha chifu tumekihesabu kuwa kimoja, ingawa miguu yake inachukua nafasi ya watu watatu. Juu ya mwembe ni roshani. Huko wanakaa watoto, na tiketi ni kuahidi kutotikisa tawi wakati wa wimbo wa msiba. Jumla inapita 500, na mbuzi hatukuwahesabu.

Sasa kanuni yenu nyingine, ambayo tunaipenda sana: mpiga kura hana ruhusa ya kupiga kura katika kitengo bila kuona kwa macho yake maonyesho yote yaliyotajwa humo. Wapiga kura wenu ni zaidi ya 800. Basi karibuni nyote. Mtatua Kinshasa, mtapanda ndege nyingine hadi Kindu, na hapo mtapewa pikipiki. Sherehe yenu ni Juni, kiangazi kwetu kinaanza, hivyo tope litakuwa limepungua na vumbi litakuwa limewahi. Suti nyeusi zitafika hapa zikiwa nyekundu, lakini hatubagui rangi. Kila pikipiki hubeba dereva, mpiga kura, mpiga kura wa pili na bidoni la mawese la shemeji yake dereva. Kwenye daraja la magogo mawili mpiga kura hushuka, huvuka kwa miguu na kumwomba Mungu wake, pikipiki husukumwa. Kwenye bariere, yaani kamba iliyofungwa barabarani, mtalipa. Mkiuliza mnalipia nini, mtalipa zaidi. Mkikuta kamba ya pili hatua chache mbele, msishangae, nayo ni kitengo tofauti, yaani ile ya kwanza ni kuu na hii ni saidizi.

Mkifika mtakuta ugali wa muhogo, sombe na mchele. Onyesho litaanza jua likipoa. Mkipenda karatasi ya programu, tuna ubao wa darasa la sita. Jina la mama yule litaandikwa juu kabisa kwa chaki nyeupe, jina la onyesho chini yake, na wafadhili, kama watakuwepo, wataandikwa nyuma ya ubao.

Tuna maombi mengine madogo madogo. Mufasa apandishwe cheo. Zile taa zilizoshinda 1998 mtuletee moja, zahanati ina giza. Na mwaka mavazi yatakaposhinda tena, mwenye mwili aliyeyavaa naye aitwe jukwaani, walau kuyashika.

Lakini moja tunalisema bila mzaha. Tuzo yenu imebeba jina la mwanamke, Antoinette Perry, aliyefariki 1946, na tangu 1947 mnalitaja karibu kila mwaka. Kwa hiyo mnajua kuliweka juu jina la mama. Ule ukumbi wa Cort tangu 2022 unaitwa James Earl Jones, sauti ya Mufasa katika filamu ya 1994. Kwa hiyo mnajua pia kwamba jina lililokwisha kuandikwa linaweza kuandikwa upya. Na uamuzi wa nani ni mkuu, nani ni msaidizi, uko mezani kwenu kila msimu.

Basi fungueni faili la 1988. Tuzo alishinda Judy Kaye wa The Phantom of the Opera. Ni yake, abaki nayo, hatuombi mumnyang'anye mtu. Mchukue kalamu, mumtoe Leleti Khumalo kwenye orodha ya wasaidizi, mumwandike alipokuwa amesimama: mbele, katikati, akiwa Sarafina. Kazi hiyo haihitaji ndege wala pikipiki, na bariere haina.

Ni sisi wenu,
Wanajamii wa Wamaza