Fa Ikipanda Kuwa Fe

Asiyeimba kwaya hawezi kuamini kwamba nusu toni inatosha kugombanisha watu wazima wenye familia zao. Sisi wa nota za d, r, m tunajua. Nota hizo zilienezwa karne ya 19 na mchungaji Mwingereza, John Curwen, aliyeuchukua mfumo wa mwalimu Sarah Glover akauendeleza; wamisionari ndio waliotuletea. Uzuri wake, hazihitaji mistari mitano, taipureta tu inatosha. Ubaya wake, fa ikipandishwa nusu toni inakuwa fe, na karatasini tofauti yote hiyo imebebwa na kijiherufi kimoja.

Karatasi zetu zilikuwa kopi ya kopi. Sauti ya tena ilipita hasa penye mkunjo, na hapo mashine ikaila ile "e". Wenye kopi za zamani wakaimba fe, wenye kopi mpya wakaimba fa, na kila upande uliimba kwa nguvu, maana mwenye haki hanong'oni. Ufunguo ulikuwa G, kwa hiyo kinanda kililia C shapu huku nusu ya tena wameng'ang'ania C. Mwalimu alikunja uso kama aliyetafuna ndimu.

Mpiga kinanda akaleta kitabu chake cha mistari mitano aamue kesi. Ndipo mambo yalipoharibika. Mle ndani alama ya shapu huandikwa mara moja, ikatawala nota ile hadi mstari wa wima unaofunga kipande. Kundi la fa likaona C ya pili haina alama yoyote. "Hii hapa, iko uchi kabisa!" Kijana wa watu akaeleza kanuni, akaeleza tena. Mzee mmoja wa besi, ambaye kesi haikumhusu hata kidogo, akatoa hukumu: "Tangu nizaliwe, fa ni fa."

Jumapili, tulipofika pale, tena wote tukafunga midomo bila kuagana. Baada ya ibada mama mmoja akatushika mikono: "Pale mliponyamaza, wanangu, machozi yalinitoka."

Walimu wa kwaya, nawaombeni: kabla hamjatoa kopi, pitisheni kalamu nyeusi juu ya kila fe. Na msikunje karatasi hapo.