Wimbo wa Kumpokea Kaimu

Shule yetu ikitaka kununua chaki, kikao kinakaa mpaka jua linazama. Ikitaka wimbo, naambiwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje: "Mwalimu, Alhamisi mahafali, waandalie watoto kitu kizuri." Kitu kizuri! Sauti nne, kwa wiki moja, bila kinanda, na saa ya mazoezi ikifika nusu ya kwaya imetumwa kuchota maji ya jikoni.

Sikusomea muziki. Nafundisha Kiswahili, na hapa kwetu mwalimu wa Kiswahili huhesabiwa kuwa amesomea kila kitokacho mdomoni: ngonjera, risala, kwaya, hata kuwatuliza wazazi waliokuja na hasira za michango. Nota nilizijulia kanisani, zile za herufi alizozieneza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakatuletea. Basi nikaziandika ubaoni darasa la saba, d : m : s, na nukta zake katikati kama inavyotakiwa. Narudi baada ya mapumziko, namkuta mwalimu wa Hisabati anafoka: nani ameacha uwiano bila jibu? Akafuta wimbo wote.

Sauti yangu ya kwanza inategemea mvulana mmoja. Aprili aliimba hadi wapishi wakaacha mwiko. Agosti akifungua kinywa anatoka beberu. Kumhamishia sauti ya nne hataki, anasema huko kuna wakubwa. Halafu wapo ninaoletewa kwa adhabu. Mtoto kachelewa namba, mwalimu wa zamu anamwambia, "Nenda kwaya." Anakuja amenuna, anaimba amenuna.

Lakini hayo nayavumilia. Kinachonimaliza ni mgeni rasmi.

Mwaka jana barua ya mwaliko ilikwenda kwa Mkuu wa Wilaya, nami nikatunga kiitikio cha kumkaribisha. Cheo chake kina silabi saba, zikakaa kwenye nota zake vizuri. Asubuhi ya sherehe turubai limeshasimama, pilau linanukia, simu ikaita: Mkuu amepata dharura, atawakilishwa na Katibu Tawala. Haikupita nusu saa ikaita tena. Katibu Tawala naye yuko safarini, anakuja anayemkaimu. Hebu jaribu wewe kumpenyeza "Kaimu Katibu Tawala" mahali palipokatwa kwa kipimo cha "Mkuu wa Wilaya". Tulijaribu nyuma ya vyoo. Sauti ya nne ilikuwa imeshafika "Tawala", sauti ya kwanza bado inahangaika na "Kaimu". Nikaona isiwe tabu. Ukaimu nikautoa.

Tukamwimbia Katibu Tawala kamili. Mzee wa watu alisimama, akacheza, akatutunza noti mbili, akaahidi kinanda. Mwalimu Mkuu aliniita pembeni kunikumbusha itifaki. Kinanda hadi leo hakijaonekana.

Hata hivyo hatukumaliza. Mshereheshaji alitupa kipaza sauti kimoja, akakisimamisha mbele ya ngoma, kwa hiyo wazazi walisikia ngoma. Ubeti wa pili ulipoisha akaturushia bongo fleva, eti muda umetubana. Hapo ndipo wanakwaya wangu, niliowabembeleza wiki nzima wayumbe upande mmoja, walipocheza hatua moja wote, mikono na mabega, bila kufundishwa na mtu.

Nikikata tamaa namfikiria Enoch Sontonga. Naye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kule Johannesburg, na kwaya ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao mahadhi yake ndiyo yanayotusimamisha wima Tanzania, na Zambia pia, hadi leo. Nimeupekua wimbo ule wote: hamna mgeni rasmi. Wala aliyemwakilisha.

Mwaka huu nikasema na mimi nijaribu. Nimetunga wimbo usio na cheo cha mtu: una mwembe wetu, una kengele ya rimu la gari, una njia ya kwenda mtoni. Jana nikaupeleka ofisini. Mwalimu Mkuu akausoma kwa kidole, akaunguruma mahadhi kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mzuri sana, Mwalimu," akasema. "Ila hapa ubeti wa tatu naona pamebaki nafasi. Ungemshukuru mwenyekiti wa kamati ya shule. Na diwani. Na yule mzee anayetuazima turubai."